Mahakama ya mfano chuoni: mwenye uzoefu anisaidie

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za jioni.

Nimeanza mwaka wa kwanza hapa Marekani, nachukua baiolojia. Wiki ijayo kuna usaili wa timu ya mahakama ya mfano, yale mashindano ya wanafunzi kuigiza kesi, wengine mawakili, wengine mashahidi. Natamani sana, ila sisomi sheria, lafudhi yangu inasikika nikifungua mdomo tu, na viza yangu ni F-1, ile ya wanafunzi. Naombeni ushauri.

*Jibu:*

Marahaba, mdogo wangu. Mimi nilicheza misimu miwili.

Viza isikunyime usingizi. Timu ni shughuli ya wanafunzi, si ajira. Linda masomo tu: mwenye F-1 kwenye shahada ya kwanza anatakiwa awe na kredito zisizopungua 12 kwa muhula, kwa hiyo usiache somo ili upate muda wa mazoezi kabla hujaongea na ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Sheria nayo hapa husomwa baada ya shahada ya kwanza, basi hata wenzako kwenye usaili hawajaisoma.

Lafudhi ndiyo iliyonitesa hata mimi. AMTA, chama kinachosimamia mashindano haya tangu 1985, hutoa faili moja la kesi kila Agosti, na vyuo nchi nzima hubishania kesi hiyohiyo, katika jimbo la kubuni liitwalo Midlands. Kila upande una mawakili watatu na mashahidi watatu. Nilipopewa ushahidi wa daktari nilijua wamenificha. Kumbe shahidi anapewa alama hadi 10 kwa kila sehemu yake, sawa na wakili, na ndiye anayekaa kitini akihojiwa na mtu asiyemjua. Hati yake ya kiapo, yaani maelezo ya shahidi yaliyo kwenye faili la kesi, lazima iwe kichwani, maana akienda kinyume nayo atasomewa mbele ya majaji. Kwenye shindano langu la kwanza nilijibu mbiombio hadi maneno yakagongana. Jaji aliniandikia: punguza kasi. Kuhusu lafudhi hakuandika hata neno. Tangu siku hiyo nikawa navuta pumzi moja kabla ya kila jibu.

Maswali ya dodoso, yale wakili anayomuuliza shahidi wa upande wa pili, ndiyo magumu kwetu tuliolelewa kutanguliza maelezo marefu kabla ya hoja. Huku swali moja hubeba jambo moja, na jibu unalijua kabla hujauliza:

— Ilikuwa saa nne usiku?
— Ndiyo.
— Taa ya barabarani ilikuwa imeungua?
— Ndiyo.
— Wewe ulikuwa ng'ambo ya barabara?
— Ndiyo.

Hapo kaa chini. Usimuulize basi alimtambuaje mshtakiwa. Mimi niliuliza, na shahidi akawageukia majaji akaeleza kwa utulivu kwamba aliisikia sauti yake. Kazi yangu yote ikaishia hapo, na iliniuma kwa sababu hati ile nilikuwa nimeisoma.

Kabla hujakubali nafasi, uliza nani analipa nauli na hoteli, maana vyuo havifanani. Suti ya mtumba iliyokukaa vizuri inatosha. Wikendi za Januari na Februari zihesabu zimekwenda, ndipo michujo ya kanda inapofanyika. Mkivuka kuna hatua nyingine Machi, kisha fainali ya taifa Aprili.

*Jibu:*

Naongezea kama mzazi. Mwambie mama yako mapema kuhusu hizo wikendi. Mwanangu alikaa siku mbili hapokei simu, nikapiga hadi kwa mwenye nyumba wake.

*Jibu:*

Asanteni sana, dada na mama. Wanataka kipande cha dakika mbili. Nitoe hotuba ya ufunguzi, au niwe shahidi?

*Jibu:*

Shahidi. Usikariri majibu, yakishavurugika huna pa kushika. Kariri yaliyomo kwenye hati: nani, saa ngapi, umbali gani. Nitumie hiyo hati leo, Jumanne jioni nikupigie nikuhoji.