Re: Pasi ya mtegemezi ya mama, msaada tafadhali

Mama Rehema (Kansanga): Assalam aleikum ndugu. Mama alipata kiharusi Tanga, nimemleta hapa Kampala nimuuguze mwenyewe. Leo ofisi ya uhamiaji imenirudishia fomu: cheti changu cha kuzaliwa cha RITA kinamwita mama Mwanahamisi, pasipoti yake inamwita Mwanaidi. Kiapo cha wakili wa hapa kinatosha, au mpaka nirudi Tanga?

Salim (Ntinda): Pole dada. Kwani usimpeleke kwa masista wa Nalukolongo? Wanatunza wazee tangu 1978.

Mzee wa Bunga: Salim, soma kwanza. Kadinali Nsubuga aliijenga nyumba ile kwa wasio na mtu. Huyu ana mtoto anayekula mshahara.

Salim: Nimeuliza tu, mzee wangu.

Bi Asha (Makindye): Na kuuguza nyumbani si bure, tusidanganyane. Nilimuuguza mama mkwe. Kila saa mbili unamgeuza, usiku umo, la sivyo mgongo unatoka vidonda. Shuka ya nailoni, pampasi za watu wazima, nesi wa kubadili mpira wa mkojo, boda ya kumleta. Dada wa kazi akaondoka bila kuaga, nami nikaacha kazi. Kaka zangu walipiga hesabu ya dawa, wakachanga za dawa. Mshahara wangu haukuingia kwenye hesabu ya mtu.

Otieno (Bweyogerere): Aombe SAGE basi, ile posho ya wazee ya serikali ya Uganda.

Bi Asha: SAGE ni ya raia, Otieno. Miaka 80 na zaidi, NIN (namba ya kitambulisho cha taifa) mkononi, na ni shilingi 25,000 kwa mwezi. Haitoshi hata pampasi za mwezi.

Otieno: Kwetu Kenya posho ya wazee, Inua Jamii, inaanza miaka 70, shilingi elfu mbili kwa mwezi. Ikichelewa, wazee wanashinda wakisubiri.

Mzee wa Bunga: Zanzibar nao wanalipa kuanzia 70, tangu 2016. Bara hakuna pensheni ya wazee wote kama hiyo, mzee anamtegemea mwanawe, halafu Jumuiya ya Afrika Mashariki inatwambia mipaka imefunguka! Bidhaa zinapita mpakani Mutukula, mama anakwama kwa herufi.

Mama Rehema: Ahsanteni. Ila kile kiapo? Na mama hataki matoke kabisa, analilia wali wa nazi.

Bi Asha: Nazi zipo soko la Nakasero. Itikise kwanza, kama maji hayachezi usinunue, wanauza kwa bei ya kuku. Anameza vizuri lakini? Wali wa mgonjwa wa kiharusi uponde.