Rahan: mbona sura yake inabadilika toleo hadi toleo?

Sanduku_la_Bukavu
Habari zenu wapenzi wa katuni. Marehemu baba mdogo aliacha sanduku la magazeti ya katuni ya Kifaransa, Pif Gadget, na matoleo ya Rahan, yule shujaa wa katuni wa zama za mawe, mengine hayana hata jalada. Nimeanza kuyapanga, na kuna jambo linanitatiza. Mtu ni yule yule: nywele za manjano, kisu cha pembe ya tembo, mkufu wa kucha shingoni. Lakini kuna hadithi ambazo sura si yake kabisa. Mashavu yamejaa, na akiruka anaonekana kama aliyesimama apigwe picha. Je, mchoraji alizeeka, au kuna mkono mwingine? Pia nashindwa kujua ipi inafuata ipi, kila hadithi inaanza na kuisha yenyewe.

Msomaji wa Buja
Mkono mwingine huo, kaka. Mimi niliwahi kusikia kwamba mchoraji wake, Chéret, alizidiwa na kazi wakamtafutia wasaidizi. Wajuzi watuambie.

WinoMweusi
Ndugu wa Bukavu, umeona vizuri, na habari yenyewe ni nzito kuliko kuzidiwa na kazi.

Rahan alizaliwa mwaka 1969, katika toleo namba 1 la Pif Gadget, Ufaransa. Mtunzi ni Roger Lécureux, mchoraji André Chéret. Gazeti lile lilirithi Vaillant, la watoto, lililokuwa karibu na chama cha Kikomunisti cha Ufaransa, na Lécureux alikuwa ameandikia humo kwa miaka mingi. Pif Gadget lilipoanza, wahariri waliamua kuachana na mtindo wa "itaendelea wiki ijayo". Kila hadithi iishe ndani ya toleo moja. Ndiyo maana huoni mfululizo: Rahan anafika kwa kabila fulani, anawafundisha jambo, anazungusha kisu chake juu ya jiwe, na kule ncha inakoelekea ndiko anakokwenda. Kwa hiyo usihangaike kutafuta ipi inafuata ipi, panga tu kwa namba za magazeti.

Wasomaji walimpenda mno. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kuna matoleo ya Pif Gadget yaliyouzwa nakala milioni 1, na Rahan akapewa na gazeti lake peke yake, la kila miezi 3. Sasa piga hesabu: hadithi moja ni kurasa kama 20, na Chéret hakuwa mtu wa kulipua. Mtazame Rahan akipigana na chui. Mgongo umejikunja, vidole vya mguu vimeng'ang'ania mwamba, nywele zinaelekea kule alikotoka, na fremu yenyewe imekatwa mshazari ili jicho lako lianguke pamoja naye. Mimi huchora kwa wino pia, na nakuhakikishia kazi hiyo haiharakishwi.

Mchapishaji akatafuta wengine: Mwitaliano Guido Zamperoni, na Mhispania Enrique Romero, yule aliyechora pia katuni ya Modesty Blaise. Chéret hakukubali mhusika aliyemuumba achorwe na wengine bila ridhaa yake. Mambo yakafika mahakamani, na akashinda: akatambuliwa kuwa muumbaji mwenza wa Rahan, sawa na mtunzi. Hili ndilo ninalotaka vijana wanaochora leo walishike. Siku hizo wahariri wengi waliona mchoraji ni kibarua wa kurasa, leo yupo, kesho analetwa mwingine. Romero simlaumu, ni fundi mkubwa mwenye mstari safi. Ila Rahan wake ni mtanashati, na yule wa Chéret ni mtu aliyelala njaa jana.

Msomaji wa Buja
Asante sana kwa kunisahihisha, mkuu. Na baada ya hapo ikawaje?

WinoMweusi
Chéret alirudi akaendelea. Pif Gadget lilifungwa mwaka 1993, likafufuliwa 2004, likafa tena. Rahan mwenyewe hakufa nalo, kwani kampuni ya Soleil ilizikusanya hadithi zake zikawa vitabu vinene. Lécureux alifariki siku ya mwisho ya mwaka 1999, mwanawe Jean-François akashika kalamu, na Chéret akachora pamoja na mtoto kama alivyochora na baba. Alifariki Machi 2020.

Sanduku_la_Bukavu
Ubarikiwe. Nimerudi sandukuni sasa hivi na kweli, zile za mashavu ni za mkono mwingine kabisa. Nyingine mstari wake ni mzito, nadhani ndiye Zamperoni. Hizo zisizo na jalada nitazitambuaje?

WinoMweusi
Tafuta sahihi kwenye kona za fremu, hasa ukurasa wa kwanza na wa mwisho. Pasipokuwa na sahihi, angalia miguu na mikono kabla ya uso. Uso unaigika, ila namna mtu anavyoukanyaga mwamba haiigiki kirahisi. Na tafadhali usizibanduebandue kurasa zilizogandana kwa unyevu, karatasi ile ni nyepesi. Piga picha hizo zenye utata uziweke hapa, tuzitazame pamoja moja moja.