MJADALA: Harambee Starlets, timu ya taifa ya wanawake ya Kenya, wamefuzu tena. Mbona Lamu na Malindi wasichana bado wanangoja wavulana wamalize uwanja?

Mleta mada, Mkomani Lamu

Assalam aleikum ndugu zangu, na habari za jioni kwa nyote. Nina jambo nataka tulijadili waziwazi bila matusi. Pesa za michezo za kaunti, hapa Lamu na kule Kilifi kwa wenzetu wa Malindi, pamoja na saa za uwanja, zigawanywe nusu kwa nusu baina ya wavulana na wasichana ama tuendelee hivi hivi? Mimi nasema nusu kwa nusu, na nasema ianze bajeti inayokuja.

Naanza na timu ya taifa maana kila nikifungua mdomo kwenye baraza naambiwa "wanawake wameshinda nini". Haya. Starlets walifuzu kombe la Afrika la wanawake mara ya kwanza 2016, waliitoa Algeria kwa bao la ugenini, 2-2 kwao na 1-1 hapa nyumbani. Huko Cameroon walifungwa mechi zote tatu, Ghana 3-1, Mali 3-1, Nigeria 4-0, hilo sifichi. Lakini bao la kwanza kabisa la Kenya kwenye mashindano yale alilifunga Esse Mbeyu Akida, na jina kama hilo Mpwani haulizi ni la watu wa wapi.

2018 ndiyo inayoniuma mpaka leo. Walitolewa na Equatorial Guinea kwenye mchujo wa kombe hilo hilo, walishinda 2-1 nyumbani wakaenda kupigwa 2-0 kule, basi. Halafu shirikisho la soka la Afrika, CAF, likasema wale wamechezesha mchezaji asiyestahili, Kenya irudi, mjiandae kwenda Ghana kwenye mashindano. Wasichana wakajiandaa, nchi nzima ikajua wanaenda, mashindano yakiwa mlangoni mahakama ya michezo ikageuza uamuzi na Equatorial Guinea ikarudishwa. Hakuna mpira uliopigwa, ni makaratasi tu.

Mwaka uliofuata wasichana hao hao, na kocha David Ouma, wakaenda Dar es Salaam wakabeba kombe la CECAFA, la Afrika Mashariki na Kati, fainali wakaipiga Tanzania nyumbani kwao 2-0, mabao yote mawili ya Jentrix Shikangwa. Na mwaka huo huo wa 2019, kwenye mchujo wa Olimpiki, wakaitoa Ghana, narudia, Ghana, kwa bao moja la dakika za nyongeza, kisha Zambia ikatutoa kwa jumla ya 3-2. Zambia hiyo ndiyo iliyofika Tokyo, Barbra Banda akafunga mabao matatu kwenye mechi mbili mfululizo dunia nzima ikamjua. Sisi tulikuwa bao moja nyuma yao.

Halafu tena makaratasi. Novemba 2021 serikali ikavunja shirikisho la soka la Kenya, FKF, mvutano ukaanza, timu ikaondolewa kwenye mchujo wa kombe la Afrika wakati imeshaimaliza Sudan Kusini na inangoja Uganda, Uganda ikapita bila kutoa jasho ikaenda Morocco 2022. Februari FIFA ikatufungia kabisa mpaka mwisho wa Novemba. Jamani, mchezaji ana miaka ishirini na tatu, ishirini na nne, mwaka ule haurudi.

Na bado hawakukata tamaa. 2023 waliitoa Cameroon kwa penalti, wakaja kukwama kwa Botswana. Sasa na kocha Beldine Odemba wameitoa Tunisia, wameitoa Gambia jumla 4-1, tiketi ya kombe la Afrika la wanawake, WAFCON 2026 Morocco, iko mkononi. Wadogo zao wa chini ya miaka 17 ndio timu ya kwanza ya mpira ya Kenya, ya kike au ya kiume, kuwahi kucheza Kombe la Dunia, 2024 Dominican Republic, na waliifunga Mexico 2-1. Harambee Stars wa kiume wameenda AFCON, kombe la Afrika la wanaume, mara sita, 1972 hadi 2019, hawajavuka makundi hata mara moja, na hakuna mtu aliyesema wavulana wafungiwe uwanja kwa sababu hiyo.

Sasa njoo kwetu. Alasiri uwanja unajaa timu za wavulana, timu moja ikitoka nyingine inaingia, wasichana wamekaa pembeni na buibui zao juu ya jezi wanangoja, kufika zamu yao magharibi imeingia na hakuna mzazi wa Lamu atamwacha binti yake nje saa hiyo, na mimi simlaumu mzazi. Basi wanaenda ufuoni maji yakitoka, champali mbili ndio goli, mpira ukilowa maji ya bahari unakuwa mzito hata kipa hawezi kuupiga ukavuka kati. Niliwaona wakicheza mechi ya kirafiki, mmoja akibadilishwa anakaa chini haraka anavua njumu anampa anayeingia, na yule anayeingia mguu wake mdogo, anajaza kitambaa mbele kidoleni, anafunga kamba, anaingia. Refa anasubiri. Kila badiliko hivyo hivyo. Halafu kombe likiisha wavulana wanapewa pesa taslimu na wasichana wanapewa mpira mmoja na makofi. Kombe lenyewe silitaji.

Semeni basi.

Mzee wa Langoni

Mwanangu umeandika vizuri na hesabu zako nimezifuata, lakini kuna mambo umeyapita juu juu. Lamu ni mji wa watu wenye dini na heshima zao. Msichana wa miaka kumi na sita anakimbia mbele ya umati wa vijana wanaopiga miluzi, bukta iko juu ya goti, hilo wewe umelikubali? Na madrasa ni alasiri, sasa uwanja ni alasiri, mtoto aende wapi? Sisemi wasicheze. Nasema wacheze shuleni, ndani ya ukuta, chini ya walimu wao. Na pesa za kaunti zina kazi nyingi, kuna visiwa watu bado wanakunywa maji ya jabia, maji ya mvua yaliyokusanywa.

Kocha wa mtaa, Barani Malindi

Mimi nafunza wavulana na nitasema ukweli wangu hata kama utachukiza watu. Nusu kwa nusu haiwezekani. Hapa kwetu timu za wavulana ni nyingi kupita kiasi, za wasichana unazihesabu kwa vidole, sasa timu chache zipewe nusu ya pesa na hizi nyingi zigawane nusu iliyobaki? Hiyo ni haki gani? Na jingine, ninyi mnajua unga, haya madawa ya kulevya, unavyomaliza vijana wetu Malindi na Lamu. Huyu kijana ukimnyima uwanja alasiri anaenda wapi? Nimezika wachezaji, sizungumzi kwa kubahatisha. Msichana akikosa uwanja anarudi nyumbani, mvulana akikosa uwanja anaenda maskani. Gaweni kulingana na idadi ya timu, timu za wasichana zikiongezeka na fungu liongezeke.

Mama wa wawili, Muyeye

Kocha pole kwa vijana uliozika, wallahi kila mama hapa analijua hilo. Lakini hapo kwa "msichana anarudi nyumbani" nakukatalia. Anarudi nyumbani ipi? Mimi nina mvulana na msichana. Wasichana wa rika la binti yangu hapa mtaani likizo ile ndefu ya korona ilipoisha wengine hawakurudi shule, walikuwa na mimba, wengine washaozwa. Msichana kupotea kwake hakuonekani maskani ndiyo maana mnadhani hapotei.

Binti yangu alianza mpira shuleni. Ninachojua mimi mama mwenye nyumba ni kwamba kinachowatoa wasichana kwenye mpira ni vitu vidogo vidogo. Nauli ya tuktuk. Mahali pa kubadilisha nguo, uwanjani hakuna choo, watoto wanajifunika kwa leso wanasimamiana zamu. Siku zake za mwezi zikifika haji mazoezi maana hana pedi na anaona haya. Kocha mwanaume hawezi kumwambia. Wenzetu wa shirika la Moving the Goalposts hapo Kilifi wamefanya kazi hii tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, mpira na mazungumzo ya afya pamoja, wasichana wenyewe wanafundishwa kuwa makocha na marefa, na wazazi wa vijijini kabisa huko wamewaruhusu mabinti. Kwa hivyo tusiambiane haiwezekani Kilifi, imewezekana. Ila shirika si serikali, kaunti nayo iweke mkono.

Kijana wa Hindi, Lamu

Mimi naunga mkono wasichana lakini tuseme ukweli gemu yao haina watu. Nani atalipa kiingilio? Mpira ni biashara siku hizi.

Mleta mada, Mkomani Lamu

Nawajibu nikianza na Mzee, shikamoo Mzee wangu.

Stara haina ubishi kwangu, na haina ubishi hata kwa FIFA. Tangu 2014 hijabu inaruhusiwa uwanjani rasmi. Kombe la Dunia la wanawake 2023 Nouhaila Benzina wa Morocco alicheza na hijabu yake dhidi ya Korea Kusini na Morocco ikashinda 1-0. Taiti ndefu, mikono mirefu, hijabu ya michezo, mtoto amesitirika kuliko wengi wanaopita barabarani. Na ni Morocco hiyo hiyo, nchi ya Waislamu, ndiyo Starlets wanaenda kucheza, viwanja vya kule vinajaa watu wakiwatazama mabinti zao, akina baba na watoto mabegani. Kuhusu miluzi, anayepiga mluzi ndiye atolewe uwanjani, mbona anayepigiwa mluzi ndiye anayefungiwa ukutani? Madrasa hapo nakuunga mkono mia kwa mia, ndiyo maana nataka saa zijulikane, zikae zimeandikwa, ili ustadhi na kocha wapange pamoja. Sasa hivi hakuna saa, kuna kungoja tu. Na maji ya jabia ni jambo zito, lakini Mzee hilo halijawahi kutajwa siku ya kombe la wavulana, linatajwa siku ya wasichana tu.

Kocha, hoja yako ndiyo nzito kuliko zote na nimeikalia tangu asubuhi. Unga ni msiba wetu sote. Lakini ukigawa kwa idadi ya timu zilizopo, timu za wasichana zitaongezeka vipi wakati hazina uwanja, hazina njumu, hazina nauli? Zitabaki chache na kila mwaka utasema ni chache. Fungu litangulie, timu zitafuata. Angalia Vihiga, kaunti ndogo kule magharibi, walishikilia timu ya wanawake, Vihiga Queens, na 2021 ikaenda Cairo kwenye Ligi ya Mabingwa ya Afrika ya wanawake ya kwanza kabisa. Na sitaki kijana wako hata mmoja akose mpira. Nusu ya saa za uwanja si lazima itoke kwenye alasiri yote, kuna asubuhi za Jumamosi na Jumapili uwanja uko mtupu mbuzi wanalala, kuna alasiri mbili za wiki. Hapo naweza kukutana nawe, tuanze na alasiri mbili na asubuhi mbili. Kwenye pesa sirudi nyuma.

Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, viwanja na michezo ni kazi ya kaunti, na Ibara ya 27 inasema wanawake na wanaume wana haki sawa ya nafasi. Huwezi kuchukua kodi ya mama muuza viazi karai ukamjengea mwanawe wa kiume peke yake.

Kijana wa Hindi, wavulana wetu wanalipiwa kiingilio na nani hapa? Uwanja hauna hata ukuta. Jentrix Shikangwa aliondoka Kenya akalipwa Simba Queens ya Tanzania, biashara iko, ni sisi tuliokaa nje yake.

Mama wa Muyeye, wewe umesema kile ambacho mimi mwanaume nisingekijua. Choo na mahali pa kubadilisha nguo nakiweka cha kwanza kwenye orodha, kabla hata ya jezi.

Kocha wa mtaa, Barani Malindi

Alasiri mbili na asubuhi mbili nakubali, hata kesho. Pesa bado hatujaelewana, ila nusu ya fungu la *kununua vifaa* na hilo la choo naweza kulisimamia mbele ya wenzangu. Zawadi za kombe tuzungumze. Na uniletee hao wasichana wa Muyeye wacheze na timu yangu ya chini ya miaka 14, waone kasi.

Mama wa wawili, Muyeye

Watakuja. Njumu wanazo jozi saba tu, mjue hilo mapema msije mkasema wanachelewesha gemu.

Mleta mada, Mkomani Lamu

Saba nyingine nitazitafuta mimi kabla ya mechi, mwenye za kumpa mtoto asitupe, saizi 36 mpaka 40. Na zawadi za kombe, Kocha, mimi bado niko pale pale: mshindi ni mshindi. Anayejua tarehe ya kikao cha maoni ya wananchi juu ya bajeti, wadi ya Mkomani, Shella, na huko Malindi Mjini, aiweke hapa. Mzee wa Langoni nitakupitia tuende pamoja, hiyo ya miluzi na saa za madrasa ukiisema wewe itasikika kuliko nikiisema mimi.