Asema shingo ya baba yangu imeshika kutu!!!

Mtoto_wa_Bagira
Wandugu, natoka Nyawera sasa hivi, viatu sijavua, mikono inatetemeka. Munamjua. Yule wa meza ya telefone, mwenye mwavuli wa njano, anayekuita "mukubwa" mpaka dola zako ziingie mfukoni mwake. Sitamtaja. Bukavu nzima ameshaila.

Amesema shingo ya baba yangu imeshika kutu. Mbele ya watu!

Musikie. Baba ni seremala, ana miaka 74, miguu imemkatalia. Tangu niko mdogo anasema siku moja ataiona bahari. Ziwa Kivu amelivuka mpaka Goma mara hazihesabiki, lakini maji ya chumvi hajayaona. Nikakuta pale miwani ya VR, lile kasha la plastiki lenye lenzi mbili, unachomeka telefone mbele, unafunga mkanda kichwani. Dola 12. Nikamuuliza: itakubali na telefone yangu? Akajibu: "Mukubwa, hii inakubali telefone yote, hata ya tochi." Na telefone yenyewe ni yeye aliniuzia mwezi wa tatu! Anaijua kuliko mimi!

Nikamaliza mega za wiki nzima kwa kushusha video ya digrii 360 ya chini ya bahari, ile unageuza kichwa unaona kila upande. Nikamvalisha mzee. Samaki akatokea, mzee akacheka kama mtoto. Nikamwambia: papa, geuka kushoto. Akageuka. Samaki yule yule. Kulia, samaki. Juu, samaki. Wajukuu wakamzungusha na kiti chake mpaka akaelekea choo cha jirani, samaki bado yuko palepale puani. Nusu saa nzima. Mzee akavua, akasema polepole: "Kumbe bahari ni ndogo hivi."

Leo nimempakiza kwenye moto, pikipiki ya kukodi, tukashuka mjini. Yule mtu hata hakuigusa miwani. Akamwangalia baba yangu juu mpaka chini, akasema: "Telefone ni nzima, miwani ni nzima. Labda shingo ya mzee ndiyo imeshika kutu." Watu wakacheka. Motari akacheka. Mama wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, akacheka mpaka beseni likamponyoka. KUTU! Kwa mtu aliyechonga vitanda vya nusu ya Bagira! Baba akashika fimbo yake, njia nzima hakutoa neno.

Niambieni. Kutu ni neno la kumwambia mzee?

Fundi_Kadutu
Pole sana ndugu. Telefone yako haina jiroskopu, ndiyo inayohisi kichwa kinavyogeuka. Nyingi za bei ya chini hazinayo, zina kile kipimo kidogo tu kinachogeuza picha ukilaza telefone. Na miwani yenyewe ndani hamna kitu, ni lenzi na hewa. Kazi yote inafanywa na telefone: inakata picha mara mbili, kila jicho linapata yake. Google walipoitoa ya kwao mwaka 2014 ilikuwa karatasi ngumu ya kukunja, na mchoro waliutoa bure ujikatie mwenyewe. Mwaka 2021 wakaacha kuiuza. Dola 12 umenunua kasha.

Mama_Furaha
Weye kijana, mzee wa miaka 74 unamtoa Bagira juu ya moto kwa ajili ya samaki mmoja? Na huyo samaki si ungemnunua tu sokoni akamtazama kila upande?

Mtoto_wa_Bagira
Mama, kwa heshima yote, sikwenda kwa ajili ya samaki. Nilikwenda arudishe dola zangu na aombe msamaha. Na Fundi, asante, lakini mimi siulizi jiroskopu. Nauliza KUTU. Kama alijua telefone haina hicho kitu, kwa nini ataje shingo ya baba yangu?

Sauti_ya_Panzi
Huyo huyo! Aliniuzia pawabanki, siku ya pili ikakata. Nikaipasua. Ndani ni betri moja ndogo kama kidole, na mchanga. MCHANGA, wandugu. Aliupima vizuri kabisa ili iwe nzito mkononi.

Dada_Muhumba
Heri mchanga. Mimi sharjeri yake iliyeyuka ukutani usiku, tukaamka nyumba nzima inanuka plastiki, na blanketi la mtoto lina tundu.

Sauti_ya_Panzi
Dada, mchanga na moto visilinganishwe, wewe angalau ilichaji kwanza. Yangu haikuchaji kitu.

Bin_Ibanda
Mimi ile miwani ninayo, na telefone yangu inayo jiroskopu. Dakika kumi tu kichwa kikazunguka, bugali yote ikataka kurudi. Mzee alibahatika.

Mtoto_wa_Bagira
Alibahatika?? Ameambiwa ana kutu shingoni! Mbele ya motari!

Fundi_Kadutu
Mlete mzee kwangu Kadutu siku ya pili. Nina telefone inayogeuka vizuri. Miwani njoo nayo ile ile, lenzi zake hazina shida, asogeze tu mpaka picha mbili ziwe moja. Sichukui hata falanga.

Mtoto_wa_Bagira
Mungu akubariki, tutakuja. Lakini lile neno je? Nani ataliondoa?

Dada_Muhumba
Ngoja. Huyo motari aliyecheka ana jile nyekundu iliyochanika mgongoni? Alikimbia na chenji yangu ya falanga 3,000 Jumapili!

Mama_Furaha
Jile nyekundu, jino la mbele hana? Miye alinishusha bondeni asema mlima unamaliza mafuta. Nikapanda na gunia la makaa kichwani!

Motari_Essence
Mama, na nyie mukipanda wawili na gunia mukalipa ya mmoja, hiyo muiite nini?

Mama_Furaha
Wawili gani? Mtoto wa mgongoni ni mtu wa kulipa?

Motari_Essence
Mtoto wa miaka sita, mama. Sita.