Kompyuta ya 286 imesahau diski yake ngumu: nitatoaje barua za WordStar?

Mrithi wa 286 anauliza:

Ndugu wataalamu, salaam. Marehemu mjomba wangu ameniachia kompyuta yenye prosesa ya 80286 ambayo kwa miaka mingi aliitumia kuandikia barua zake kwa programu ya WordStar, na pamoja nayo disketi tatu za inchi 5.25. Ilikuwa imekaa muda mrefu bila kuwashwa. Nilipoiwasha ilihesabu kumbukumbu hadi kilobaiti 640, kisha ikaandika kwamba betri imeisha nguvu na kwamba mipangilio haijawekwa. Nikibonyeza F1 inaendelea, lakini haioni diski ngumu, ingawa nasikia diski yenyewe ikizunguka bila tabu. Lebo ya diski inasema ni Seagate ST-225.

Katika programu ya mipangilio nimekuta orodha ndefu ya aina za diski, kila aina na namba yake. Nilichagua moja kwa kubahatisha, mashine ikajibu kuwa diski C ina kosa. Rafiki yangu amenishauri nizijaribu zote moja baada ya nyingine hadi mojawapo ikubali, halafu niendeshe programu ya kukagua diski, CHKDSK /F, ili irekebishe kitakachokuwa kimeharibika. Naomba kujua kama ushauri huo ni salama, maana barua hizo hazina nakala popote.

Fundi Solda anajibu:

Pole kwa msiba, ndugu. Ushauri wa rafiki yako si salama, hasa hiyo CHKDSK /F. Programu hiyo hurekebisha jedwali la mafaili kwa kuandika juu yake, nayo huamini kwamba BIOS, programu ya ndani inayoiwasha mashine, imeambiwa ukweli kuhusu umbo la diski. BIOS ikiambiwa kuwa diski ina vichwa 6 ilhali ina 4, sekta za mwanzo kabisa zitasomeka vizuri, na pengine hata DOS, mfumo endeshi wa mashine hii, itaonyesha dalili ya kuanza, lakini baada ya hapo kila kitu kitatafutwa mahali pasipo pake. Kusoma mahali pasipo pake hakuharibu kitu. Kinachoharibu ni kuandika, na CHKDSK /F ikiona vurugu hiyo itaanza kukata na kuunga minyororo ya mafaili ambayo haikuwa na kasoro yoyote.

Diski yako haijafa. Mashine imeisahau tu. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 iliwekewa mipangilio yake kwa swichi ndogo zilizo juu ya ubao, kwa hiyo haikuwa na cha kusahau. Ilipotoka AT, kompyuta ya IBM yenye prosesa ya 80286, mwaka 1984, mipangilio ilihamia ndani ya chipu ya saa yenye kumbukumbu ya baiti 64, nayo hulindwa na betri pale umeme unapozimwa. Betri ikifa, mashine haijui tena kama ina diski ngumu, wala ni ya ukubwa gani.

ST-225 ina silinda 615, vichwa 4 na sekta 17 kwa kila njia, yaani kila mduara wa data. Ukizizidisha, kisha ukazidisha na baiti 512 za kila sekta, unapata baiti 21,411,840, ndizo zilizouzwa kwa jina la megabaiti 20. Katika jedwali la AT ya IBM hiyo ni aina namba 2, na watengenezaji wengine wengi waliiga jedwali hilo. Hata hivyo usiamini namba ya aina peke yake, tazama safu za silinda na vichwa kwenye skrini yako uhakikishe zinasoma 615 na 4.

Mambo mengine mawili. Vichwa vya diski hii husogezwa na mota ya hatua, ambayo haina namna ya kujisahihisha chuma kinapotanuka kwa joto, kwa hiyo iache izunguke dakika 20 hadi 30 ndipo uisome. Tena vichwa vyake havijiegeshi vyenyewe umeme unapokatika. Usiihamishe kompyuta kabla ya kuendesha programu ya kuviegesha.

Halafu fungua kasha uitazame betri. Ikiwa ni ile ya pipa dogo la nikeli na kadimi la volti 3.6 iliyotiwa solda kwenye ubao, mara nyingi utakuta unga wa kijani au mweupe umetambaa kutoka kwenye miguu yake na kuingia chini ya chipu za jirani. Iondoe, usugue mahali hapo kwa siki nyeupe kidogo kwa sababu kilichovuja ni alkali, usafishe kwa maji yaliyochujwa madini, umalizie kwa spiriti ya isopropili, na uache pakauke kabisa. Usiweke betri ya kidonge ya lithiamu mahali pale pale bila diodi: ubao utajaribu kuichaji, na betri hiyo haichajiwi.

Nakala Kwanza anajibu:

Nakubaliana na Fundi kuhusu CHKDSK, ila nauona mpangilio wa kazi kwa namna nyingine. Betri mbovu itolewe, hilo halina mjadala, lakini kununua na kufunga mpya si sharti la kupata barua. Mipangilio inaweza kuandikwa upya kila unapowasha, nayo itadumu muda wote mashine ikiwa na umeme. Diski ya umri huo pengine imebakiwa na mizunguko michache. Siku itakayokubali kuwaka, itumie kunakili, mapambo yatafuata.

Kutoa mafaili kutoka kwenye 286, njia ninayoiamini ni waya wa serial ambao nyaya zake za kutuma na kupokea zimepishanishwa, na Kermit, programu ya kuhamisha mafaili, pande zote mbili. Hakikisha umeiamuru Kermit itume kwa hali ya binari, yaani kila baiti kama ilivyo. Utaona sababu yake baadaye.

Sasa disketi. Kabla ya kuingiza hata moja, bandika kipande cha utepe usiopitisha mwanga juu ya pengo la ubavuni. Kwenye disketi za inchi 5.25 pengo likizibwa ndipo maandishi yanapolindwa, kinyume na zile za inchi 3.5 ambazo hulindwa tundu likiwa wazi, na watu wengi hujikwaa hapo. Kisha izungushe disketi kwa kidole kupitia tundu la katikati na uitazame kwenye mwanga wa mshazari: ukiona madoa yenye umbo la ua au vumbi lililoganda, hiyo ni kuvu, usiiingize. Baada ya kila disketi, pangusa kichwa cha kiendeshi kwa kijiti cha pamba chenye spiriti. Pamba ikitoka na rangi ya kahawia, disketi iliyotangulia imeachia utando wake wa sumaku kwenye kichwa, na disketi itakayofuata italipa deni hilo.

Kuna mtego mwingine. Kiendeshi cha 286 kwa kawaida ni cha megabaiti 1.2, chenye njia 80 kila upande, wakati disketi za zamani za kilobaiti 360 zina njia 40 pana zaidi. Kiendeshi hicho husoma disketi ya 360 bila shida kwa kuruka njia mbili mbili. Lakini kikiandika juu yake, kichwa chake chembamba hufuta katikati ya njia tu na kuacha mabaki ya data ya zamani kandokando, na kiendeshi halisi cha 360 kikija kusoma husikia sauti mbili kwa pamoja. Ndiyo maana nasisitiza utepe.

Mrithi wa 286 anarudi:

Nashukuruni sana. Aina namba 2 ilikuwa na silinda 615 na vichwa 4 kama mlivyosema. Betri ilikuwa imevuja, lakini unga ulikuwa haujapita kwenye soketi ya kibodi. Nilisafisha, nikaacha ikauke siku mbili, nikaiwasha, nikasubiri nusu saa, na DOS 3.30 ikapanda mara ya kwanza. Nimenakili barua 41 kwa Kermit.

Shida sasa ni mafaili yenyewe. Nikiyafungua kwenye kompyuta ya kisasa naona maandishi kama haya: «Nilipokeá baruá yakï». Je, yameharibika njiani?

Biti ya Nane anajibu:

Hayajaharibika hata kidogo, na hii ndiyo sababu ya ile hali ya binari. WordStar, programu iliyotoka mwaka 1978 kwa ajili ya mashine za mfumo endeshi wa CP/M, ilitumia herufi za ASCII, msimbo wa kawaida wa herufi, ambazo zinahitaji biti 7 tu. Biti ya nane ilibaki bure, nao wakaitia kazini: katika aya zilizopangwa, herufi ya mwisho ya neno hupandishwa biti hiyo, ili programu ijue panapoweza kuongezwa nafasi wakati wa kunyoosha pambizo. Herufi «a» ni 61 kwa heksadesimali (hesabu ya msingi wa 16). Ukiipandishia biti ya nane inakuwa E1, ambayo Windows huisoma «á».

Lugha yetu hapa inarahisisha utambuzi, kwa kuwa maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu. Utakutana na ngeni tano tu mara kwa mara: «á» ni a, «å» ni e, «é» ni i, «ï» ni o, na «õ» ni u. Kitabõ ni kitabu. Dawa ni kuondoa 80 ya heksadesimali kwenye kila baiti iliyofika 80 au kuizidi. Programu ya mistari mitano ya Python inatosha. Katika CP/M kazi hiyo ilifanywa na amri ya PIP kwa chaguo la Z.

Fundi Solda anajibu:

Ndugu Biti, hesabu yako ni sahihi, lakini akianza nayo atapoteza aya zote. WordStar huandika mwisho wa mstari wa namna mbili: 0D 0A pale mwandishi alipobonyeza Enter mwenyewe, na 8D 0A pale programu ilipovunja mstari kwa sababu ukurasa umejaa. Ukiondoa 80 kwenye 8D unapata 0D, na tangu hapo hakuna tena kinachotofautisha mwisho wa aya na mwisho wa mstari. Kwanza badilisha kila jozi ya 8D 0A iwe nafasi moja, futa kila A0, maana hizo ni nafasi za kujazia pambizo, ndipo uondoe biti ya nane. Mistari inayoanza kwa nukta, kama .PA ya kufungua ukurasa mpya, ni maagizo ya uchapaji na si maneno ya mjomba. Mwishoni mwa faili utakuta pia baiti za 1A zilizojazia hadi kizidisho cha 128, ambazo unaweza kuzikata.

Na ufanye yote hayo juu ya nakala ya nakala.

Mrithi wa 286 anarudi:

Nimefuata mpangilio wa Fundi na barua zote 41 zinasomeka, aya zikiwa mahali pake. Katika moja nimekuta baiti za 13 (kwa heksadesimali) mbele na nyuma ya jina la mama yangu. Nimegundua ni alama ya kupigia mstari, kwa hiyo nimeirudisha kwa mkono.

Disketi mbili zimesomeka bila kosa. Ya tatu ina madoa yale ya ua, sikuiingiza. Nimeirudisha ndani ya bahasha yake na kuandika juu yake tarehe na neno «kuvu», hadi nitakapojifunza namna ya kuutoa utando wake wa sumaku na kuuosha.

Nakala Kwanza anajibu:

Ukifika hapo, usiusugue. Kata ukingo wa juu wa ganda, uuchomoe utando kwa kushika katikati, uuoshe kwa maji vuguvugu yaliyochujwa madini, na ukishakauka kabisa uuweke kwenye ganda la disketi nyingine safi. Uzoefu huo uupate kwanza kwa disketi isiyo na thamani.