Disney World na watoto wachaguzi wa chakula, tutakula nini bila kufilisika?

MamaPacha_Ntinda: Habari zenu wapendwa. Shemeji yangu anaishi Florida ametualika Desemba, tunapeleka watoto Disney World pale Orlando. Shida ni hawa mapacha wangu, mmoja anakula chapati na mayai tu, mwingine chipsi na zisiguswe na kitu chochote, na bei za kule ukizigeuza kuwa shilingi yetu unaweza kulia. Mlifanyaje?

Baba Sita: Pole dada. Chakula chako wanaruhusu kuingia nacho, ila chupa za glasi na pombe hapana, na kwenye kibegi cha baridi usiweke barafu ya kumwaga, tumia zile pakiti za kugandisha. Sisi tulipanga nyumba yenye jiko, mke wangu saa kumi na moja alfajiri anasukuma chapati mimi namcheka, halafu mchana watoto wanakula roleksi (chapati iliyoviringishwa na mayai) kivulini na mimi ndo wa kwanza kuomba kipande 😂

jinja_boy: Maji usinunue! Vibanda vya chakula cha haraka ukiomba kikombe cha maji ya barafu wanakupa bure.

Mama Achieng: Ingia kwenye programu yao ya simu usiku, menyu na bei zote zimo, huyo wa chipsi achague mapema msije mkagombana kwenye foleni. Mimi nilijiagizia sahani ya mtoto nikashiba kabisa.

MamaPacha_Ntinda: Asanteni jamani, mbao ya chapati naipakia leo leo.

Baba Sita: Acha mbao, beba msukumio tu.