Mnaotushauri tuchanganye klasi kwenye D&D mnatuulia wahusika, na ma-DM mnaangalia tu

Wakuu, naandika hii saa sita usiku, nimerudi Ujiji sasa hivi kutoka Mwanga tunakochezeaga kila Jumamosi, boda kanishusha hata viatu sijavua. Mbaruku amekufa. Ni mhusika wangu wa mchezoni, babariani yaani mpiganaji wa hasira, miezi minane nimekaa naye tangu leveli 1, kafia darajani kwa troli mmoja, lile zimwi kubwa, na mi nasema wazi hajauawa na troli, kauawa na ushauri.

Mnaocheza Dungeons & Dragons mtanielewa haraka, msiocheza nivumilieni: ni mchezo wa mezani wa kuigiza hadithi kwa dadu, kila mtu ana mhusika wa klasi fulani, yaani aina ya shujaa, na DM ndiye msimulizi na mwamuzi. Mbaruku alikuwa babariani leveli 4, nguvu 18, uimara wa mwili 16, wepesi 14, akili 8. Kundi zima likapanda hadi leveli 5. Pale babariani ndo anapata kitu kikubwa kuliko vyote, anapiga mara mbili kwa zamu moja badala ya mara moja, na mwendo unaongezeka. Nilikuwa na leveli moja tu kukifikia. Moja! Jamaa mmoja hapo mezani, ndo kwanza kajiunga, akaniambia eti babariani mtupu hana ladha, changanya na wizadi, yaani mchawi anayetumia akili, utakuwa unapiga shoka na kurusha moto, si unajua tunaelekea kwenye matroli na troli anajiponya mwenyewe asipochomwa. Nikaona ana hoja. Nikaweka wizadi leveli ya 5, na ya 6 nikaweka wizadi tena.

Sasa hasira yangu inaanzia hapa. Kitabu cha 2014 kimeandika wazi kabisa, kwanza kuchanganya klasi ni sheria ya hiari, DM ndiye anaruhusu au anakataa, pili ili uingie klasi nyingine lazima uwe na angalau 13 kwenye sifa ya klasi unayotoka na 13 kwenye sifa ya unayoingia. Wizadi ni akili 13. Mi nina 8! DM wetu anajua, kitabu anacho yeye, akasema "tupe tu, tusibanane". Nikashukuru kabisa. Sikujua nashukuru nini.

Haya, tumefika darajani leo. Kabla ya pambano nikatumia sloti, yaani nafasi ya kutupa uchawi, nazo ni chache, kujipa ile speli (uchawi) ya kinga ya wizadi, kinga ni ile namba adui lazima aifikie kwa dadu ili akupate, na speli hii inakupa 13 ukijumlisha nyongeza ya wepesi. Wepesi 14 unatoa nyongeza 2, nikaongeza nikapata 15. Mwenzangu anayecheza kasisi akaniuliza kwani bila speli una ngapi? Tukapiga hesabu palepale juu ya mkeka, babariani asiyevaa mavazi ya kivita ana 10, ongeza wepesi 2, ongeza uimara 3, jumla 15. Ileile! Hazijumlishwi, unachagua hesabu moja. Nimechoma sloti kwa kitu nilichokuwa nacho tangu leveli 1.

Troli akatoka. Nikaingia hasirani kama kawaida, maana babariani akiwa na hasira mapigo ya panga, mkuki na rungu yanamuumiza nusu. Nikapiga shoka, mara moja, wakati faita wetu, klasi ya askari, wa leveli ileile 6 anapiga mara mbili. Troli akajiponya 10. Zamu ikazunguka nikasema sasa narusha moto. DM akainua mkono, akafungua kitabu, akasoma taratibu kama anasoma risala: ukiwa kwenye hasira ya kibabariani huwezi kutupa speli wala kushikilia speli.

Jamani. Yule yule aliyesema tusibanane kwenye 13 ndo leo anabana kwenye hili? Simlaumu kwa kusoma sheria, sheria ni kweli ipo na ni ya haki. Namlaumu kwa kuijua siku nachagua wizadi akanyamaza, halafu anaikumbuka nikiwa mdomoni mwa troli.

Nikaacha hasira ili nirushe. Troli yuko pua kwa pua na mimi, kwa hiyo nikirusha moto natupa dadu mbili za pande ishirini nachukua ndogo. Zikaja 14 na 9. Nyongeza yangu ni 2 tu, leveli inanipa 3 ila akili 8 inanipunguzia moja, kwa hiyo 9 ikawa 11. Kinga ya troli 15. Kwa ile 14 ningekuwa na 16, ningempata. Meza nzima kimya, mama mwenye nyumba akawa amesimama mlangoni na birika la chai anatuangalia. Zamu ya troli, mapigo matatu, mdomo na kucha mbili, na mi sina tena ile nusu. La kwanza likamaliza damu. La pili nimelala chini, mtu aliyezimia akipigwa kwa karibu inahesabika makosa mawili ya kifo, na yakifika matatu umekufa. La tatu likatimiza. Zamu moja.

Na kinachoniumiza zaidi ni hiki, njiani kwenye boda ndo nikakumbuka: mwenge. Mwenge wa kawaida kwenye orodha ya vifaa ni sarafu moja ya shaba, ukimpiga nao ukiwa unawaka anaungua pointi moja, na pointi moja ya moto inatosha kumzuia troli asijiponye zamu ile. Leveli mbili za maisha ya Mbaruku nimezilipa kununua kitu cha shaba moja.

Msije mkaniambia nachukia kuchanganya klasi. Sichukii, nachukia mnavyoitangaza kama pilipili, weka tu itanoga. Ikifanyika kwa akili inafanya kazi. Chukua paladini, shujaa wa kiapo, yeye anataka nguvu na mvuto, ukimfikisha leveli 6 anapata ule uwanja wa ulinzi unaoongeza mvuto wake kwenye kila dadu la kujiokoa, lake na la wenzake walio karibu, halafu ndo unamwongezea sosera, mchawi wa kuzaliwa, ambaye naye anaishi kwa mvuto huohuo. Hapo sifa moja inalisha pande mbili. Na bado hesabu ya sloti lazima uijue, paladini 6 anahesabiwa nusu yaani 3, sosera 2 zote, jumla 5, unapata hadi sloti za ngazi ya tatu, ila speli za ngazi ya tatu huna hata moja kwa sababu speli unajifunza kwa kila klasi peke yake. Sloti zile unazitumia kukuzia speli ndogo au kuchomea adui kwa upanga. Mtu asipokuambia hilo utafika leveli 8 unasubiri mpira wa moto, speli ya ngazi ya tatu, ambao hauji.

Au faita leveli 2, wengi wanachukua kwa ajili ya kile kitendo cha ziada ndani ya zamu, sawa, ila chukua ukishapata mapigo yako mawili, maana mapigo mawili ya klasi moja na mawili ya nyingine hayawi manne wala matatu, yanabaki mawili. Na ile nafasi ya kuongeza sifa inakuja kwa leveli ya klasi, ya 4, siyo leveli ya mhusika. Ukikatiza klasi kwenye 3 unakaa mkavu.

Haya yote nimeyajua usiku huu, kwa simu, kwenye zile kanuni za bure, zipo wazi kila mtu anaweza kuzishusha. Kwa hiyo yule jamaa naye angeweza kuzisoma kabla ya kufungua mdomo. Ukimshauri mtu achanganye, kaa naye, chora leveli 1 hadi 10, muonyeshe hii unapata nini na hii unachelewa nini. Dakika ishirini. Na wewe DM kama unaruka sheria ya 13, mwambie mtu hapohapo kwa nini iliwekwa.

DM wetu kanitumia meseji sasa hivi eti tunaweza kusema Mbaruku alidondoka mtoni akaokolewa na wavuvi. Nimemjibu hapana. Kafa, azikwe vizuri, Jumamosi nakuja na mtu wa leveli 1 na karatasi nimeshaichora, na kabla hatujaanza nataka 13 zisomwe kwa sauti mbele ya wote.